Mgeni Katika Dodoma: Mshahara, Nyumba na Treni ya Ijumaa

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, nayo yachapwa hapa kwa ombi lao.)



Bwana Katibu alipotutaka tuseme maneno machache juu ya mambo tuliyoyaona tangu kuhamia Dodoma, tulijaribu kujiepusha. Tulimwambia kwamba katika chama hiki wamo waliofika mwaka 2016 na 2017, walioanza kazi katika majengo ya Chuo Kikuu wakati wizara zao zilipokuwa hazina pa kukaa, nao ndio wastahilio kusema. Yeye akatujibu kwamba wale wamekwisha zoea, na mtu aliyezoea haoni. Basi tumekuja, nanyi mtatuvumilia tukikosea, na mwenye kutusahihisha na atusahihishe mwisho wa maneno, siyo katikati.

Sisi tunaosema ni watatu, wa masjala moja, tuliohamishwa kwa barua za siku moja. Siku hizi tumepewa jina la watunza kumbukumbu, jina zuri lenye heshima. Walakini wazee wetu waliitwa makarani, nasi hatulionei haya neno hilo.

Tuliingia kwa treni mpya ya umeme mwezi wa Agosti 2024, siku chache baada ya njia hiyo kufunguliwa rasmi tarehe 1 ya mwezi ule. Wazee walikiita chombo cha namna hiyo gari la moshi. Hili halina moshi hata kidogo, na safari ambayo kwa basi hula mchana kutwa ilikwisha kabla ya saa nne kutimia, kwa nauli ya shilingi 31,000 katika daraja la kawaida. Tulipoiacha Morogoro nchi ikaanza kukauka mbele ya macho yetu: majani yakawa ya rangi ya kahawia, miti ikawa ya miiba, kisha ikaja mibuyu isiyo na jani hata moja. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, aliyezoea minazi na michungwa, akatazama dirishani kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Je, ndugu zangu, mji huu hula nini?"

Tulimcheka. Lakini swali lake limetufuata hata leo, nalo ndilo lililotuleta mbele yenu.

Mwajua wenyewe habari za asili ya mji, nasi hatutazirefusha. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, zamani za Wajerumani, na kituo kikazaa mji mdogo. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya Serikali yatoke Dar es Salaam yaje hapa, ikaundwa mamlaka ya kuustawisha mji; lakini miaka ikapita mingi, nayo barua zikaendelea kuandikwa Dar es Salaam. Bunge lilihamia mwaka 1996. Msukumo wenyewe ulikuja mwaka 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote yahama, na tarehe 26 Aprili 2018 mji ukatangazwa kuwa Jiji. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo la halmashauri hii. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 765,179. Tafadhali zitazameni tena tarakimu hizo. Katika miaka kumi tu, kwa kila watu wanane waliokuwapo wameongezeka wengine karibu saba, nao wote wahitaji mahali pa kulala, maji ya kuoga na sufuria mekoni.

Basi jambo la kwanza alionalo mgeni ni ujenzi. Malori ya mchanga na kokoto hayakomi. Kila njia ina mahali pa kufyatulia matofali ya saruji, na kila baada ya nyumba chache yuko fundi aunganishaye vyuma vya mageti, cheche zikiruka hata njiani. Huko Mtumba, kilometa kumi na saba hivi kutoka katikati ya mji, mahali palipokuwa vichaka, leo umesimama Mji wa Serikali, wizara kwa wizara, na nyuma ya majengo ya kwanza yaliyozinduliwa mwezi wa Aprili 2019 yamekuja mengine ya maghorofa. Asiyestaajabu akionyeshwa hayo, hapana shaka huyo ni mgonjwa.

Maisha ya kazi nayo yamegeuka. Tulipokuwa Dar es Salaam tulilaumu foleni ya magari. Hapa twalaumu umbali. Mtumishi asiye na gari huamka saa kumi na moja, akasimama kituoni katika upepo wa Juni na Julai ambao mtu wa pwani hakuumbiwa, akangoja daladala la Mtumba. Vumbi la Mtumba huingia katika viatu, katika chai, hata katika kufuli la kabati. Barua hazitembei tena mikononi mwa matarishi. Zatembea katika kompyuta, na mkubwa aweza kuliona faili akiwa safarini. Ni jambo jema, ijapokuwa kwa sisi wa masjala lina uchungu wake, kwa kuwa kazi ya watu wanne sasa hufanywa na wawili, na hatujui mwakani itafanywa na wangapi. Mchana twala kwa mama ntilie: wali, maharage, na mlenda wa Kigogo, ambao mwenzetu wa Tanga aliukataa kwa miezi mitatu na sasa huomba uongezwe.

Sasa turudi kwa swali. Dar es Salaam hula bandari yake, viwanda vyake na Kariakoo. Makarani wote wakitoweka usiku mmoja, Kariakoo itafungua maduka asubuhi kama kawaida, wala haitauliza wamekwenda wapi. Hapa sivyo. Kweli iko zabibu, ambayo hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Uko mnada wa Jumamosi kule Msalato, ng'ombe na mbuzi na nyama ya kuchoma. Wako wanafunzi wa vyuo. Na Bunge la Bajeti likikaa, kuanzia Aprili hata Juni, nyumba za wageni hujaa na bei zake hupanda kama maji ya mto. Lakini tazameni mtaa wowote mpya kwa mwezi mmoja, kama tulivyofanya sisi. Mshahara ukitoka, tarehe ishirini na kitu, mwenye bucha huchinja mara mbili, vijana wa bodaboda hawapati nafasi ya kukaa, na mafundi hulipwa masalio yao. Ikifika tarehe kumi na tano ya mwezi wa pili yake, mwenye duka hufungua daftari la madeni. Mama mmoja atuuziaye mchicha mtaani petu hana kalenda ukutani, naye haihitaji. Asubuhi hutusalimu: "Shikamooni. Umetoka?" Hasemi kilichotoka ni nini.

Basi jibu la swali la mwenzetu ni hilo. Mji huu hula mshahara wetu.

Mtu aweza kufurahi akisikia hivyo, akajiona yeye ni mtu mkubwa. Nasi tulifurahi, mpaka tulipotafuta nyumba. Dalali alitutaka kodi ya mwezi mmoja kuwa ijara yake, na mwenye nyumba akataka miezi sita mbele, akasema kwamba yuko mwingine aliye tayari kulipa mwaka mzima. Mtumishi aliyehamishwa, ambaye fedha yake ya uhamisho bado imo katika hoja ya mhasibu, aitoe wapi miezi sita? Aipata kwa mkopo. Na akikosa katika benki, kwa sababu makato yake yamekwisha kufika mpaka na theluthi ya mshahara haina budi kubaki, basi huenda kwa wale wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la kausha damu, jina linalojieleza lenyewe. Hatuwataji kwa kisa cha mtu mwingine. Mmoja wetu watatu aliwaendea, akalipa mwaka mmoja mkopo aliodhani ni wa miezi mitatu.

Tarehe 1 Mei 2025 tulikuwa tukisikiliza hotuba ya Sikukuu ya Wafanyakazi kutoka Singida. Ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia mwezi wa Julai. Tulipiga makofi chumbani, ingawa sisi hatumo katika kima hicho. Nyongeza ilikuwa ya Julai. Mwenye nyumba wetu alikuja na kodi mpya mwezi wa Juni.

Hapo tulikasirika, tukaenda kwake watatu pamoja, tumevaa mashati ya kazi, tukakusudia kumwambia maneno mazito. Alitukaribisha vizuri, akatuletea chai, kisha, kabla hatujafungua vinywa, akatuonyesha hati yake ya mshahara. Mabwana na Mabibi, mtu yule ni mtumishi mwenzetu. Alifika kabla yetu, akachukua mkopo wa miaka mingi akajenga nyumba mbili, katika moja akaa mwenyewe na katika ya pili tumo sisi. Baada ya makato, kilichobaki katika hati ile kilitufanya tuone haya kwa ajili yake. Kodi yetu ndiyo ilayo watoto wake. Tulikunywa chai yake, tukaongeza kodi, tukarudi tukinyamaza njia nzima.

Twasema hayo kwa sababu katika mikutano yetu husemwa mara kwa mara kwamba "wenye nyumba wa Dodoma" wametuonea, kana kwamba ni kabila geni. Tuulize humu ndani: ni wangapi kati yetu wana nyumba ya kupangisha? Hatutaki mikono iinuliwe. Twaona tu kwamba fedha nyingi ya mji huu ni fedha ile ile moja: yatoka Hazina kwa karani, karani humpa karani mwingine aliyejenga, naye huipeleka benki. Njiani humegwa kidogo na dalali, fundi na muuza saruji. Yaonekana kama mto mkubwa, kumbe ni maji ya birika yazungukayo.

Na mwenyeji yuko wapi katika mzunguko huo? Tulimwona kwa njia ya hasara yetu wenyewe. Mwaka jana tulichanga fedha, sisi watatu, tukanunua kipande cha ardhi pembeni ya Jiji, mahali pasipopimwa, kwa mkono wa dalali. Tulipewa karatasi yenye mihuri na mashahidi. Miezi minne baadaye tulikuta msingi umekwisha kuchimbwa na mtu mwingine, naye ana karatasi kama yetu, yenye tarehe iliyotangulia ya kwetu. Dalali hapatikani tena kwa simu yake. Sisi, ambao kazi yetu ya kila siku ni kuangalia kama barua ina namba na faili lina jalada, hatukwenda ofisi ya ardhi hata siku moja kuuliza. Mtucheke, tumekwisha kujicheka.

Siku ile katika kiwanja kile alikuwako mzee, mlinzi wa saruji ya yule mwenye msingi. Tulimwamkia, naye akatujibu "Mbukwenyi" kwa sauti ya polepole, akatupa gogo tukae. Katika mazungumzo tukafahamu kwamba shamba lile lote, kutoka mbuyu hata korongo, lilikuwa la baba yake, na kwamba ni yeye aliyemwuzia mtu wa kwanza, ambaye alilikata vipande akawauzia wengine. Palilimwa mtama na uwele. Fedha aliyopata ilimnunulia mwanawe pikipiki, nayo pikipiki sasa imelala nyuma ya nyumba ikingoja vipuri. Kwa hiyo mzee yule analindishwa usiku, kwa ujira, katika shamba la baba yake.

Hakutulaumu. Tulimwuliza kama hawachukii wageni, akacheka, akatuambia habari aliyosimuliwa na babu yake, ya njaa waiitayo Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920, majeshi ya vita yalipopita katika Ugogo yakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakosa. "Wageni wale walichukua bila kulipa," alisema. "Ninyi mwalipa. Lakini mkiisha kulipa, mimi sina tena pa kupanda." Hatukuwa na jibu, wala hata leo hatunalo.

Twaja sasa kwa treni, nayo ndiyo sababu hasa ya maneno haya. Nendeni kituoni Ijumaa jioni. Hapo mtaona nusu ya ofisi zetu, na mikoba yao, na mfuko wa zabibu kwa ajili ya watoto. Hatuwasemi wengine: sisi wenyewe tulikuwa katika safu hiyo. Kila mmoja wetu aliacha mke na watoto Dar es Salaam, kila mmoja akiwa na sababu ya kweli. Mmoja mkewe ana kazi katika kampuni isiyohama. Mmoja ana mama mgonjwa azoeaye hospitali moja na daktari mmoja. Wa tatu alisema watoto wamalize kwanza mwaka wa shule, na mwaka wa shule ukawa miwili. Treni njema imelifanya jambo hili kuwa jepesi, na kwa kuwa ni jepesi limekuwa desturi.

Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi tulikaa mezani tukaandika hesabu zetu kwa kalamu, kila mtu bila kuficha. Kodi mbili, umeme wa nyumba mbili, nauli za mwezi, vyakula vya majiko mawili. Katika mishahara yetu mitatu, zaidi ya nusu ilikuwa ikirudi Dar es Salaam. Na kilichobaki hapa kilikuwa kodi, chipsi za jioni na, tusifichane, bia. Hatukuwa tumenunua hata kiti kimoja cha maana katika mji huu; tulikuwa na godoro, ndoo, na jiko la gesi la mtungi mdogo. Jirani zetu hatukuwajua majina. Yule mama wa mchicha alipofiwa tulisikia baada ya wiki mbili. Katika ofisi nako mambo ni hayo hayo: saa tano ya Ijumaa akili za watu zimekwisha panda treni, na mwananchi aliyetoka Mpwapwa au Kondoa na barua yake huambiwa aje Jumatatu.

Mwezi wa Machi tulitumwa Kongwa kwa kazi ya majalada, mahali pasipofika kilometa mia kutoka hapa. Wenyeji walituonyesha mahali ulipokuwa mpango ule mkubwa wa karanga wa mwaka 1947. Serikali ya Uingereza ilikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, ikaleta matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, ikaleta watu na mishahara. Kwa muda mfupi Kongwa palikuwa na fedha kuliko mahali pengi. Lakini mvua haikutosha, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Wageni wakaondoka kama walivyokuja.

Hatusemi kwamba Dodoma ni Kongwa. Serikali si karanga, haikaushwi na jua, na hii ni Serikali yetu wenyewe, imekuja kukaa. Ila jambo moja lafanana, nalo ni la sisi, si la Serikali: watu waliokaa Kongwa walikaa kama watu wa kambi. Kambi haina deni kwa jirani yake. Nasi, kwa ile hesabu ya kalamu, tulijiona tumo kambini.

Tunayo maombi machache kwa Kamati, na hatutakawia nayo. Twaomba chama kiwaandikie wakubwa juu ya watumishi waume na wake waliotengwa vituo, kwa maana wako wenzetu ambao wake zao ni walimu au wauguzi wa Serikali hii hii, na maombi yao ya uhamisho yamelala. Twaomba wanachama wenye nyumba wakubali, kwa hiari yao, kupokea kodi ya miezi mitatu kutoka kwa mwanachama mwenzao, nasi wapangaji tuahidi kulipa kwa siku. Tena yafaa chama kiwe na mtu mmoja ajuaye mambo ya ardhi, ambaye kila mwanachama atamwonyesha karatasi kabla ya kutoa shilingi yake. Sisi watatu tuko tayari kueleza kisa chetu kwa yeyote, bure. Kuhusu yule mzee wa kiwanjani hatuna ombi la kuandika. Mwanawe ameanza kuja kwetu jioni, twamsaidia kujaza karatasi za kuomba kazi ya udereva, nasi tumechanga vipuri vya pikipiki.

Limebaki tangazo. Mwenzetu wa Tanga amekata shauri. Mkewe ameacha genge lake la Mbagala, naye anakuja na watoto watatu. Wamekwisha pata nafasi katika shule ya mtaa wetu. Lori la vyombo litafika Jumamosi hii asubuhi, Nzuguni, na ndani yake limo kabati moja la mninga ambalo watu wanne hawaliwezi. Mwenye nafasi na atuone mlangoni baada ya mkutano, tumwelekeze nyumba. Chai itakuwako.